Kusakinisha Vim kutoka msimbo chanzo: faili zinakwenda wapi, na kwa nini ujali

Ukitaja Vim, kihariri cha maandishi, wengi hufikiria faili moja tu: ile programu inayofunguka ukiandika `vim` kwenye terminali. Kumbe hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni folda yenye mamia ya faili ndogondogo: rangi za sintaksia za kila lugha ya programu, kanuni za kujongeza mistari, kurasa za msaada, kamusi za tahajia, mafunzo ya `vimtutor`. Programu yenyewe imeandikwa kwa C na hukompailiwa, yaani msimbo wake hugeuzwa kuwa faili ambayo mashine inaweza kuiendesha. Hizo nyingine karibu zote ni maandishi matupu, nyingi kwa lugha ya Vim yenyewe, nazo husomwa kadiri zinavyohitajika programu ikiwa inaendelea. Hapa nitaziita faili saidizi.

Matatizo mengi ya usakinishaji hutokea pale nusu hizi mbili zinapopotezana: programu iko kule, faili saidizi ziko huku, au ni za toleo jingine kabisa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mahali. Amri zenyewe ni chache na mtu yeyote anaweza kuzinakili.

## Je, unahitaji kukompaili?

Mara nyingi huhitaji. Kwenye Debian na jamaa zake amri ni `sudo apt install vim`, Fedora ni `sudo dnf install vim-enhanced`, Arch ni `sudo pacman -S vim`, FreeBSD ni `pkg install vim`, OpenBSD ni `pkg_add vim`. Umemaliza, na masasisho ya usalama yatakuja yenyewe pamoja na ya mfumo.

Tahadhari moja kwa watu wa Debian na Ubuntu. Mfumo ukiwa mpya huwa una kifurushi kiitwacho `vim-tiny`, ambacho ni Vim iliyopunguzwa vipengele na isiyo na faili saidizi za kawaida. Mtu akiifungua asione rangi, asipate msaada, huanza kuilaumu Vim. Hana haja ya kukompaili chochote. Anahitaji kifurushi cha `vim`, ambacho huja na kingine kiitwacho `vim-runtime`. Humo ndimo zilimo faili saidizi. Hata waandaaji wa vifurushi, kwa hiyo, wamezitenganisha nusu hizo mbili.

Sababu nzuri za kukompaili mwenyewe ni tatu: unataka toleo jipya kuliko lililo kwenye hazina ya mfumo wako, unataka kipengele ambacho kifurushi hakina (tazama `vim --version`, ambapo alama ya kujumlisha humaanisha kipo na ya kutoa humaanisha hakipo), au uko kwenye seva ambayo huna ruhusa ya msimamizi. Hii ya tatu ndiyo inayowaleta wengi.

## Chagua mahali kabla ya kugusa chochote

Uamuzi huu hufanywa mwanzo kwa sababu ya kiufundi: njia ya folda ya faili saidizi huandikwa ndani ya programu wakati wa kukompaili. Ukibadili mawazo baadaye, kuihamisha folda peke yake hakutoshi.

`/usr` achana nayo. Hiyo ni milki ya kidhibiti cha vifurushi. Ukiweka faili zako humo, siku ya kusasisha mfumo zitafutwa au zitagombana na za kifurushi, na hakuna atakayekuonya. Kwenye macOS hata ukitaka huwezi, kwa kuwa `/usr/bin` inalindwa na mfumo wenyewe.

`/usr/local` ndiyo mahali pa kawaida kwenye Linux kwa programu ulizozijenga kwa mkono, na ndiyo Vim inayopachagua usipoiambia kitu. Inahitaji ruhusa ya msimamizi, na watumiaji wote wa mashine wataipata. Lakini usichukulie kwamba ni hivyo kila mahali: kwenye FreeBSD vifurushi vyote huwekwa `/usr/local`, na Homebrew, kidhibiti cha vifurushi cha macOS, kwenye Mac za Intel hufanya vivyo hivyo. Huko, `/usr/local` ina hatari ileile ya `/usr` kwenye Linux.

Chaguo la tatu ni folda yako ya nyumbani, kwa kawaida `$HOME/.local`. Huhitaji kuomba ruhusa kwa mtu, huharibii mtu kazi, na kuondoa ni rahisi. Kama uko peke yako kwenye mashine, au huna hakika, chagua hii. Mifano yote hapa chini inaitumia, na mwishowe faili zitakaa hivi:

```
~/.local/bin/vim
~/.local/share/vim/vim91/
~/.local/share/man/man1/
```

Ile `91` ni namba ya toleo: 9.1, lililotoka Januari 2024. Toleo likipanda, jina la folda nalo hubadilika, kwa hiyo faili saidizi za matoleo mawili zinaweza kuishi pamoja bila kugusana. Faili iliyo ndani ya `bin` haina bahati hiyo. Ina jina moja tu, na mpya huifuta ya zamani.

## Vifaa vya kazi

Unahitaji kompaila ya C, `make`, `git`, na maktaba ya ncurses pamoja na faili zake za vichwa. Vim huitumia maktaba hiyo kujua namna ya kuzungumza na terminali yako.

```
# Debian, Ubuntu
sudo apt install build-essential libncurses-dev git

# Fedora
sudo dnf install gcc make ncurses-devel git

# Alpine
sudo apk add build-base ncurses-dev git

# macOS
xcode-select --install
```

Kwenye seva usiyo na ruhusa, jaribu kwanza `cc --version` na `make --version`. Mara nyingi vifaa hivi viko tayari. Visipokuwepo, mwombe msimamizi aviweke. Ni ombi dogo kuliko kumwomba akusakinishie na kukusasishia Vim kila mara.

## Kupakua na kusanidi

```
git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git
cd vim/src
```

Chaguo la `--depth 1` huleta hali ya sasa tu bila historia, ambayo ni ndefu: Bram Moolenaar alilitoa toleo la kwanza la hadharani mwaka 1991, kwa kompyuta za Amiga, na kazi haijasimama tangu hapo.

Sasa usanidi. Badala ya kuiandika amri hii moja kwa moja kwenye terminali, iweke kwenye faili ndogo nje ya folda ya Vim, tuseme `~/jenga-vim.sh`. Baada ya miezi sita utakapotaka kujenga upya hutakumbuka ulichagua nini.

```
#!/bin/sh
./configure \
    --prefix="$HOME/.local" \
    --with-features=huge \
    --enable-gui=no \
    --enable-python3interp=dynamic \
    --enable-fail-if-missing
```

Ukiwa ndani ya `vim/src`, iendeshe kwa `sh ~/jenga-vim.sh`.

`--prefix` ndilo lile swali la mahali. `--with-features=huge` huwasha vipengele vyote vya kawaida; tofauti ya ukubwa ni ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya kujinyima. `--enable-gui=no` huacha dirisha la picha, jambo linalofaa kwa seva. Python iweke tu kama kuna programu-jalizi unayoitumia inayoihitaji, na hapo utahitaji pia kifurushi cha `python3-dev` au `python3-devel`.

Chaguo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi kuliko yote. Bila `--enable-fail-if-missing`, usanidi ukiikosa Python huandika mstari mmoja katikati ya mamia ya mistari inayokimbia, kisha huendelea kama hakijatokea kitu. Unajenga, unasakinisha, unagundua wiki ijayo. Ukiliweka, usanidi husimama palepale na kukuambia kinachokosekana.

Kosa maarufu la hatua hii hutokea kwenye mstari unaoanza na `checking for tgetent()` na kuishia na `NOT FOUND!`, ukifuatiwa na maelezo kwamba usakinishe maktaba ya terminali. Maana yake ncurses haipo, au ipo lakini bila faili za vichwa. Rudi kwenye vifaa vya kazi.

Jambo lingine linalosumbua kimyakimya ni ubao wa kunakili. Kama unatumia Vim kwenye kompyuta ya mezani yenye X11 (mfumo wa madirisha wa Linux na Unix) na unataka `"+y`, amri ya kunakili, ifanye kazi na programu nyingine, `libx11-dev` na `libxt-dev` lazima ziwepo kabla ya kusanidi, na uongeze `--with-x`. Zisipokuwepo utapata `-clipboard` na hakuna atakayelalamika isipokuwa wewe.

Ukibadilisha chaguo lolote baada ya kusanidi, anza na `make distclean`. Usanidi huhifadhi majibu ya zamani, na majibu ya zamani yakichanganyika na maswali mapya utapoteza jioni nzima.

## Kujenga, na kuchungulia kabla ya kusakinisha

```
make -j4
```

Ikiisha, kuna faili mpya iitwayo `vim` ndani ya `src`. Usikimbilie kusakinisha. Andika:

```
./vim --version
```

Shuka hadi karibu na mwisho. Kuna mistari inayoonyesha faili za usanidi zinazosomwa, na baada yake huu hapa:

```
fall-back for $VIM: "/home/wewe/.local/share/vim"
```

Huu ndio mstari wa kuukagua kuliko mingine yote. Ndiyo ile njia iliyochongwa ndani ya programu. Ikionyesha `/usr/local/share/vim` wakati ulikusudia nyumbani, `--prefix` haikushika. Safisha kwa `make distclean` urudie. Ukitaka kuiona ilikotoka, fungua `auto/pathdef.c`, faili ndogo ya C ambayo `make` huiandika yenyewe, utaikuta humo kama maandishi ya kawaida.

Kwa nini inaitwa njia ya kuangukia (fall-back)? Kwa sababu Vim huanza kutafuta kwingine. Kwanza hutazama kama kigeu cha mazingira `VIMRUNTIME` kimewekwa, na kikiwepo hukitii bila maswali. Kisipokuwepo, huchukua thamani ya `VIM` na kutafuta ndani yake folda ya `vim91`, kisha folda ya `runtime`. Na kama `VIM` nayo haijawekwa, ndipo njia iliyochongwa hutumika. Kwenye mashine iliyo safi vigeu vyote viwili huwa havipo, na ndivyo inavyotakiwa.

Mpangilio huu unakuruhusu kuijaribu Vim mpya bila kusakinisha hata faili moja:

```
VIMRUNTIME=../runtime ./vim --clean
```

Folda ya `runtime` ndani ya msimbo chanzo ndiyo asili ya faili saidizi zote. `--clean` huizuia isisome `.vimrc`, faili yako ya mipangilio, hivyo unaona Vim tupu. Fungua faili ya lugha unayoitumia, tazama rangi, jaribu `:python3 print(1)` kama uliiomba Python. Kama kuna kasoro, ni bora uione hapa.

Kuna pia `make test`. Huchukua muda, terminali itarukaruka na kuonyesha vioja, na ikienda vizuri mwishoni utaona `ALL DONE`. Kwenye mifumo ya kawaida mimi huiruka. Kwenye mashine ya ajabu, au kompaila ambayo si ya kawaida, usiiruke.

## Kusakinisha

```
make install
```

Hakuna `sudo`, kwa kuwa tunaandika nyumbani kwetu. Kama ulichagua `/usr/local`, tumia `sudo make install`, lakini `sudo` ianzie hapa tu. Ukijenga kwa `sudo` tangu mwanzo, folda ya msimbo itajaa faili za root (mtumiaji msimamizi), na baadaye `git pull` itakukatalia.

Ukitaka kujua hasa kitakachowekwa kabla hakijawekwa, isakinishe kwanza kwenye folda ya majaribio:

```
make install DESTDIR=/tmp/jaribio
find /tmp/jaribio -type f | less
```

Usichanganye `DESTDIR` na `--prefix`. `DESTDIR` huhamisha tu mahali pa kunakilia. Njia iliyochongwa ndani ya programu haiguswi. Waandaaji wa vifurushi huitumia kukusanya faili kabla ya kuzifunga. Mtu anayedhani ni njia ya mkato ya kubadili mahali pa kusakinisha hupata Vim isiyojua faili zake ziko wapi.

Ukisoma mistari inayopita, utaona mambo kadhaa. Programu inanakiliwa `bin` na kupunguzwa uzito kwa kuondolewa taarifa za utatuzi. Kama palikuwa na `vim` ya zamani pale, kwanza inabadilishwa jina kuwa `vim.rm`, ndipo inafutwa. Ujanja huu unawezesha kusakinisha hata kama Vim hiyo ya zamani iko wazi kwenye dirisha jingine, maana mifumo mingi ya Unix hukataa kuandika juu ya programu inayoendeshwa. Kisha viungo vinatengenezwa: `ex`, `view`, `vimdiff`, `rvim` na `rview`, vyote vikielekea kwenye faili ileile moja. Vim hutazama jina iliyoitwa nalo ndipo ijue ifanye nini. `vi` haimo kwenye orodha, kwa makusudi. Ukiitaka, tengeneza kiungo mwenyewe. Faili saidizi hunakiliwa, na faharasa ya kurasa za msaada hutengenezwa.

## Kuhakikisha unayoifungua ndiyo uliyoijenga

```
type -a vim
```

Hii huorodhesha kila `vim` inayofikiwa, kwa mpangilio. Ya kwanza iwe `~/.local/bin/vim`. Isipokuwa ya kwanza, ongeza mstari huu kwenye `~/.profile` au `~/.bashrc`, au `~/.zshrc` kwa watu wa zsh:

```
export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"
```

Fungua terminali mpya. Kama hutaki kufungua mpya, andika mstari huohuo wa `export` kwenye terminali iliyopo, kisha `hash -r`, kwa sababu sheli hukumbuka mahali ilipoikuta programu mara ya mwisho na huendelea kwenda kulekule.

Ndani ya Vim, amri mbili zinatosha:

```
:echo $VIMRUNTIME
:scriptnames
```

Ya kwanza ionyeshe folda yako. Ya pili huorodhesha kila faili iliyosomwa tangu Vim iwashwe. Ukiona njia za `/usr/share/vim` zimechanganyika na za nyumbani kwako, kuna kitu kinavuta faili za toleo la mfumo.

Jambo moja huwashangaza watu waliotoka kwenye kifurushi cha Debian: mpangilio uliokuwa kwenye `/etc/vim/vimrc` haufanyi kazi tena. Vim uliyoijenga hutafuta faili ya pamoja kwenye `$VIM/vimrc`, yaani `~/.local/share/vim/vimrc`. `.vimrc` yako binafsi inasomwa kama kawaida.

Na `sudo vim`? Mara nyingi itafungua ile ya mfumo, kwa kuwa `sudo` hutumia orodha yake yenyewe ya njia. Usihangaike kuibadili. Tumia `sudoedit`, huku `EDITOR` ikiwa `vim`: nakala ya faili hufunguliwa kwa Vim yako na mipangilio yako, na Vim yenyewe haiendeshwi kama root.

## Nusu mbili zinapopotezana

Dalili ni `E1187: Failed to source defaults.vim` mara tu unapoifungua, au `E484: Can't open file` ikifuatiwa na njia inayoishia `syntax/syntax.vim`. Zote zinasema jambo moja: programu ipo, faili saidizi hazionekani. Usianze kusakinisha upya. Soma njia iliyotajwa kwenye kosa, kisha `ls` folda hiyo.

Kama folda haipo kabisa, huenda ulinakili programu peke yake kutoka mashine nyingine. Nakili na folda ya `vim91`. Kama mahali ni tofauti na palipochongwa, andika hati fupi ya sheli ya kuielekeza:

```
#!/bin/sh
VIM=/mahali/pengine/share/vim exec /mahali/pengine/bin/vim "$@"
```

Kama folda iliyotajwa ni ya toleo jingine, tafuta kigeu:

```
env | grep VIM
grep -n VIMRUNTIME ~/.profile ~/.bashrc ~/.zshrc
```

Mara nyingi kuna mstari uliowekwa zamani kutatua tatizo fulani, ukasahaulika, na sasa unailazimisha Vim mpya isome faili za toleo lililokwisha kuondolewa. Ufute. `VIMRUNTIME` haifai kukaa kwenye faili za sheli.

Kuna chanzo kingine ambacho wachache hukiwazia. Vim ikiwaka huviweka `VIM` na `VIMRUNTIME` kwenye mazingira yake, na kila programu inayozaliwa kutoka ndani yake huvirithi. Kwa hiyo ukifungua `:terminal` ndani ya Vim ya mfumo, halafu humo ukaijaribu Vim yako mpya, itasoma faili za ile ya mfumo. Ukitoka nje, kila kitu sawa. Ukirudi ndani, makosa. Jaribu hivi:

```
env -u VIM -u VIMRUNTIME vim
```

Mwisho, ikiwa rangi zipo lakini `:help` haipati mada, faharasa ndiyo iliyokosekana. Itengeneze kwa `:helptags $VIMRUNTIME/doc`.

## Kusasisha na kuondoa

Kusasisha ni `git pull`, `make`, `make install`, ukiwa kwenye folda ileile ya `src`. Kama kilichobadilika ni faili saidizi tu, kwa mfano rangi za lugha mpya, `make installruntime` inatosha na haigusi programu.

Kuondoa ni `make uninstall`, na huhitaji folda hiyo iwe na usanidi uleule uliosakinishia; ndiyo faida ya pili ya kutunza `jenga-vim.sh`. Tanguliza `make -n uninstall` uone itafuta nini bila kufuta. Kama msimbo chanzo ulishaufuta, fanya kwa mkono:

```
rm -r ~/.local/share/vim/vim91
cd ~/.local/bin
rm vim vimdiff vimtutor view ex rvim rview xxd
rm ~/.local/share/man/man1/vim*.1
```

Toleo likipanda kutoka 9.1 kwenda jingine, `make install` haiifuti folda ya `vim91`. Hiyo itabaki mpaka uitoe wewe, na unaweza kuitoa mara tu `:echo $VIMRUNTIME` inapoonyesha namba mpya. `~/.vimrc`, `~/.vim` na `~/.viminfo` haziguswi na hatua yoyote kati ya hizi.